Kumfundisha mbwa mdogo kujisaidia nje wakati wa theluji

Mtoe nje mbwa wa kilo 3 asubuhi ya Januari huku Minnesota uone. Anainua mguu mmoja, anainua wa pili, anakutazama, kisha anageuka kurudi ndani. Baada ya muda mfupi amekojoa nyuma ya kochi. Wenye nyumba husema ni mkaidi. Mimi naona mara nyingi mbwa hana kosa, ila choo chenyewe hakipo. Theluji imefunika nyasi, imefunika harufu zilizokuwa zikimwonyesha pa kwenda, na kina chake kinamfika tumboni. Nawe ungepelekwa kwenye choo kilichojaa barafu hadi kiunoni, ungetafuta kona nyingine.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na beleshi kabla ya kufika kwa mbwa. Nawaandikia tunaoishi kwenye baridi ndefu, iwe Minneapolis, Winnipeg au Oslo. Wengi wetu tumekulia kwenye nyumba ambazo mbwa alilala nje, akalinda geti, na pa kujisaidia akajitafutia mwenyewe. Mbwa wa kukaa sebuleni tumekutana naye huku, na aghalabu ni watoto waliotuchosha kwa kumwomba.

Hatua ya 1: Tengeneza choo

Chagua kona moja ya uwanja iliyo hatua chache kutoka mlango mnaoutumia kila siku, upande ambao ukuta wa nyumba unakinga upepo. Usitafute sehemu ya mbali kwa sababu tu haionekani na wageni. Kila mita ya ziada ni mita ya mbwa kuganda na kubadili mawazo.

Ondoa theluji mpaka ardhini, nyasi zionekane hata kama zimekufa na kuwa kahawia. Mita 2 kwa 2 zinamtosha mbwa mdogo, kwa kuwa huhitaji kuzunguka na kunusa kabla ya kuchuchumaa. Chimba na njia ya kumfikisha hapo. Theluji unayoitoa irundike upande unakotoka upepo, ikae kama ukuta.

Kinyesi kiokote kila mara, lakini mkojo usiufute wote. Kipande kidogo cha theluji ya njano kiache pale pale, maana harufu ile ndiyo itakayomwambia kesho kwamba amefika. Akikojoa ndani, karatasi uliyofutia mkojo ipeleke nje uizike kidogo kwenye eneo hilo.

Utabiri ukisema theluji nyingi itaanguka usiku, tandika turubai au ubao wa plaiwudi juu ya eneo jioni. Asubuhi unavuta turubai, theluji inaondoka nayo, na chini nyasi zipo. Kama ardhi imeshakuwa barafu tupu na beleshi haliingii, mwaga mabua makavu ya ngano juu yake. Maduka ya bustani huku huyauza kwa marobota kuanzia Oktoba, watu wakipamba milango yao, na robota moja linakwenda mbali. Mbwa anayekataa kabisa kukanyaga barafu mara nyingi hukubali kusimama juu ya mabua.

Usimwage chumvi ya kuyeyushia barafu hapo. Nitaieleza mbele.

Mnaokaa kwenye ghorofa hamna uwanja wa kuchimba, lakini karibu kila jengo lina sehemu isiyofikiwa sana na theluji: chini ya mti wenye majani ya kudumu, au kando ya ukuta wenye paa lililojitokeza. Kama mtoto wa mbwa hajamaliza chanjo, ambazo kwa kawaida huisha akiwa na wiki 16 hivi, epuka pale mbwa wote wa jengo wanapojisaidia. Virusi vya parvo haviuawi na baridi. Hukaa kwenye udongo ulioganda miezi na miezi, na kwa mtoto wa mbwa ni ugonjwa wa kufa na kupona.

Hatua ya 2: Zijue saa zake

Kuna kipimo cha kukadiria: mtoto wa mbwa huweza kubana mkojo takriban saa 1 kwa kila mwezi wa umri wake. Wa miezi 3, saa 3, tena akiwa ametulia. Mbwa wa jamii ndogo, Chihuahua, Yorkshire terrier, Maltese, mpunguzie hapo, kwa sababu kibofu chake ni kidogo kama alivyo mwenyewe.

Lakini saa ya ukutani si muhimu kama matukio. Mtoe anapoamka, hata usingizi ukiwa wa nusu saa. Mtoe dakika 10 hadi 30 baada ya kula. Mtoe baada ya kucheza, na unapomfungulia kizimba, kile kijumba chake cha kulalia ndani. Akianza kunusa sakafu huku anazunguka, au akiacha ghafla alichokuwa akikifanya na kuelekea chumba kisicho na mtu, umebakiwa na sekunde chache.

Mpe chakula kwa saa maalumu badala ya kuacha bakuli limejaa siku nzima, kwa kuwa kinachoingia kwa ratiba hutoka kwa ratiba. Maji usimnyime. Hita za nyumba hukausha hewa na mbwa hunywa zaidi wakati wa baridi kuliko watu wanavyodhani.

Jambo moja la wazi kuhusu kazi zetu. Kama watu wazima wote nyumbani wanafanya shifti mbili, za kutunza wazee usiku na bohari mchana, Januari si mwezi wa kuleta mtoto wa mbwa. Hatajifunza kwa kufungiwa kwa muda wa saa 9. Subirini kipindi ambacho mtu mmoja atakuwepo, au mpangeni jirani wa kuja kumtoa mchana. La sivyo kubalini tangu mwanzo kwamba atakuwa na choo cha ndani.

Hatua ya 3: Dakika tatu za nje

Hapa ndipo mafunzo yenyewe yalipo.

Mfunge kamba hata kama uwanja una uzio. Hatoroki popote, lakini bila kamba atakuwa amesimama mlangoni kabla hujafunga zipu ya koti. Mbwa mdogo unaweza kumbeba mpaka nje, na ni vizuri kama njiani kuna chumvi, ila hatua za mwisho aziende kwa miguu yake ili aijue njia. Fika, simama mahali pamoja, nyamaza. Usicheze naye wala usimvute huku na huku. Anaponusa na kuzunguka, sema neno lenu mara moja, kwa sauti ya kawaida.

Neno hilo kubalianeni. Katika nyumba nyingi za kwetu huku, mama anamwambia mbwa kwa Kiswahili, watoto kwa Kiingereza, na mjomba aliyekuja kutembea anapiga mluzi. Mbwa anaweza kujifunza neno la lugha yoyote, ila liwe moja.

Msifu akishamaliza, si anapoanza. Ukishangilia mapema atakatisha katikati akukimbilie, na mkojo uliobaki utaukuta ndani. Akimaliza mpe kipande cha nyama hapo hapo, kabla hajageuka. Zawadi inayotolewa jikoni baada ya kuingia inamfundisha kuingia. Kuku wa kuchemsha asiye na chumvi wala kitunguu anafaa sana, na kitunguu ni sumu kwa mbwa kwa hiyo mabaki ya mchuzi wa jana hayafai. Vipande viwe vidogo kama punje ya hindi, ndani ya kopo mfukoni, maana kuhangaika na mfuko wa plastiki ukiwa umevaa glavu nene kutakupotezea zile sekunde mbili ambazo mbwa anaweza kuunganisha kitendo na malipo.

Sasa tofauti kati ya baridi na joto. Majira ya joto watu huambiwa wasimrudishe mbwa ndani mara tu anapokojoa, kwa sababu ataona kukojoa ndiko kunakomaliza raha za nje, aanze kubana. Wakati wa theluji, kwa mbwa anayechukia baridi, mambo yamegeuka. Raha iko ndani. Nyumba yenye joto ni mshahara mkubwa kuliko kuku wako, basi utumie: amekojoa, amekula kipande chake, mnaingia papo hapo. Akishaliona hilo, utashangaa anavyofanya haraka.

Ila mshahara huo asiupate bila kazi. Zikipita dakika 3, au 5 kama hali si mbaya, na hajafanya kitu, rudi naye ndani bila kumgombeza, lakini usimwachie sebuleni. Muweke kwenye kizimba, au mpakate, au funga kamba yake kiunoni mwako ukiendelea na kazi zako. Baada ya dakika 10 hadi 15 toka naye tena. Rudia mpaka afanye. Mwenye huruma atamwachia huru dakika moja tu apate joto, na dakika hiyo moja ndiyo zulia linapolowa. Huruma nzuri ni kufupisha safari. Bora mara nne za dakika 3 kuliko moja ya dakika 15, maana mbwa aliyeganda hakumbuki kibofu, anawaza joto tu.

Wapo wadogo wanaoipenda theluji, wakarukaruka ndani yake mpaka wasahau walichotolewa nje. Kwa hao kazi kwanza, mchezo baadaye: simama kwenye eneo mpaka amalize, ndipo umwachie acheze kidogo.

Hatua ya 4: Sweta na nyayo

Mwili mdogo hupoteza joto haraka, na Yorkshire terrier, Maltese na Chihuahua hawana yale manyoya mazito ya ndani ambayo Pomeranian anayo. Sweta kwao si pambo. Mzoeze ndani ya nyumba siku chache kabla, ukimpa chakula akiwa amelivaa, ili asigande mlangoni kwa ajili ya nguo badala ya baridi. Kama ni dume, angalia sweta lisimfike mbali tumboni. Litalowa mkojo, na nguo mbichi kwenye baridi ni mbaya kuliko kutovaa.

Viatu sivilazimishi. Mbwa wengi wakivishwa hutembea kama wamekanyaga gundi na kukataa kukojoa kabisa. Kwa safari ya dakika 3 kwenye nyasi ulizozisafisha havihitajiki. Mpake mafuta ya mgando kidogo kwenye nyayo kabla ya kutoka, na punguza kwa mkasi manyoya yaliyo kati ya vidole, kwa kuwa theluji hushikamana hapo ikawa mawe madogo yanayomuumiza kila akikanyaga.

Ile chumvi inayomwagwa njiani, sodiamu kloridi au kalsiamu kloridi, hukausha na kuchoma nyayo, na akijilamba huvuruga tumbo. Weka beseni la maji ya uvuguvugu na taulo karibu na mlango, mfute kila mnaporudi kutoka barabarani, ukaushe na katikati ya vidole. Kwenye ngazi zako unaweza kutumia mchanga, au zile bidhaa za urea ambazo haziumizi sana nyayo, japo nazo hazifai kulambwa. Kinachoua kweli ni maji ya rejeta ya gari. Mengi yana ethilini glikoli, ladha yake ni tamu, na kiasi kidogo tu kinatosha kuharibu figo za mbwa wa kilo 3. Ukiona tone la rangi ya kijani au waridi kwenye sakafu ya gereji, futa kabla mbwa hajapita. Akishalamba, mkimbize kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo, usingoje dalili.

Baridi ipimwe kwa namba na kwa macho. Kuanzia nyuzi 0 za selsiasi mbwa mdogo anaanza kuhitaji uangalizi. Chini ya -7 fupisha kila safari. Ikifika -18, au upepo ukiwa mkali, mimi simtoi mbwa wa ukubwa huo zaidi ya kile kinachohitajika kabisa. Akitetemeka, akijikunja mgongo, akiinua miguu kwa zamu au akisimama tu bila kusonga, mbebe mwingie. Ncha za masikio, mkia na vidole ndizo huganda kwanza, ngozi ikapauka au kuwa ya kijivu. Hapo usisugue wala usitumie mashine ya kukaushia nywele. Mfunike kwa taulo za uvuguvugu na umpigie daktari.

Watoto wa mbwa walio wadogo sana wana hatari nyingine: sukari hushuka mwilini wakikaa muda mrefu bila kula, na baridi huharakisha. Anayelegea, kuyumba au kutetemeka hata akiwa kwenye joto, mpake asali kidogo kwenye fizi na umpeleke hospitali ya wanyama.

Hatua ya 5: Siku ambazo nje hakufai

Wapo wanaoona choo cha ndani ni kushindwa. Sikubaliani nao. Kwa mbwa wa kilo 2 mahali ambapo kuna juma zima la baridi isiyotokeka, ni akili ya kawaida. Suala ni aina gani.

Pedi za mbwa ni rahisi na hupatikana kila duka, lakini ni laini chini ya mguu, kama zulia la bafuni au sweta la mtoto lililoanguka sakafuni. Mbwa huchagua pa kujisaidia kwa kuhisi kwa nyayo, na anayefundishwa kwamba kitambaa laini ni choo atakifuata kitambaa laini popote. Ukizitumia, ondoa mazulia madogo yote mpaka awe imara. Mimi napendelea trei yenye nyasi, za kweli zilizokatwa na udongo wake kama unazipata, au hata za bandia zinazooshwa. Inamfundisha ndani kile kile utakachokitaka nje. Ikae karibu na mlango wa kutokea, au roshani kama ipo na haina upepo, na umpeleke hapo kwa kamba, neno lile lile, zawadi ile ile. Baridi ikipungua isogeze kidogo kidogo mpaka nje ya mlango.

Hatua ya 6: Akikosea ndani

Ukimkuta katikati ya tendo, piga makofi mara moja tu kumkatisha bila kumtisha, mbebe mpaka nje, na akimaliza huko mpe zawadi kama kawaida. Ukikuta dimbwi baadaye, safisha tu. Kumchapa au kumgusisha pua kwenye mkojo, kama tulivyoona wazee wakifanya, humfundisha jambo moja: asikojoe mbele yako. Kisha utamtoa nje kwa kamba ukishangaa kwa nini hafanyi kitu ukiwa umesimama karibu naye.

Nyonya mkojo kwa karatasi kwanza, kisha mwagia dawa ya kusafishia yenye vimeng'enya, ile inayouzwa kwa ajili ya wanyama, uiache iloweke kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Sabuni ya kawaida huondoa harufu puani mwako, si mwake. Dawa zenye amonia zinanukia kama mkojo, na klorini ya kufulia ikikutana na mkojo hutoa gesi inayochoma mapafu, jambo la hatari zaidi kwenye nyumba ambayo madirisha yamefungwa tangu Novemba.

Makosa yakiwa mengi, amepewa nyumba kubwa mno. Mpunguzie mpaka chumba kimoja chenye sakafu ngumu, na usipoweza kumtazama awe kizimbani. Kizimba kiwe cha kumtosha kusimama, kugeuka na kulala. Kikizidi hapo atakojoa pembe moja na kulala nyingine. Mwongezee chumba akishakaa wiki kadhaa bila ajali.

Usiku

Desemba jua la Minneapolis linatua saa kumi na nusu jioni, kwa hiyo safari nyingi ni za gizani. Weka taa inayomulika lile eneo, au chukua tochi, kwanza kwa sababu baadhi ya mbwa huogopa giza, na pili ili uhakikishe amekojoa kweli na hakuchuchumaa kukuridhisha. Hapa theluji inakusaidia, inaonyesha kila tone. Mtoe mara ya mwisho unapokwenda kulala. Chini ya miezi 4 tegemea kuamka angalau mara moja, basi koti, viatu na kamba vikae mlangoni. Usiongee naye, usiwashe taa za sebule, asije akadhani kumekucha.

Weupe huo huo utakuonyesha na ugonjwa. Mkojo wenye rangi ya waridi au nyekundu, matone madogo kila baada ya dakika chache, kujikamua bila kutoa kitu, au mbwa aliyekuwa msafi akaanza ghafla kulowanisha anapolala, hayo hayaponywi na mafunzo. Ni maambukizi ya njia ya mkojo au mawe ya kibofu mpaka daktari aseme vinginevyo. Dume anayejikamua na hatoki kitu kabisa ni dharura ya siku hiyo hiyo.

Theluji ikiyeyuka

Mbwa aliyejifunzia kwenye theluji anaweza kuchanganyikiwa Machi au Aprili inapoanza kupotea, akawa anatafuta kirundo cheupe cha mwisho uwanjani. Kama eneo lako lilikuwa na nyasi wazi wakati wote, hilo halitakusumbua sana. Rudi kwenye kamba, neno na zawadi kwa wiki moja au mbili, pale pale palipokuwa. Okota kinyesi chochote kilichokuponyoka kikafukiwa na theluji kabla uwanja haujawa tope, kwa sababu mayai ya minyoo huishi kwenye udongo na watoto wenu wataanza kucheza humo.